Saumu za Bi Rukia

Sijasema kufunga ni kosa. Mama amelishika neno hilo tangu alasiri, na kila akipita mlangoni mwangu analirudia, ati nimesoma mpaka nimefika pa kumkataza mtu ibada yake. Sijamkataza. Nimemuuliza tu kwa nini mtu mwenye sukari, aliyeambiwa na daktari ale kidogo kidogo na ale mara nyingi, anafunga Jumatatu na Alhamisi, na wiki hii ameongeza Jumanne akasema analipa deni la Ramadhani. Deni gani? Siku zake zote alikwisha kuzilipa, na mimi nililipa zangu pamoja naye, tukifuturu sahani moja. Nilipomkumbusha hivyo akaendelea kukunja nguo kama hakusikia. Ndipo nikamtaja Bi Rukia, na hapo akasikia.

"Rukia alikufa kwa sukari," akasema. "Usiwaongezee maneno watu walio kaburini."

"Na wewe una nini, Mama?"

"Mimi nina binti asiyejua kusema na mamake."

Basi nimekuja kuandika, maana kwa mdomo simuwezi.

Lililoanzisha haya ni jiko. Leo adhuhuri nilikuwa narudi kutoka soko la Marikiti, nilikokwenda kuulizia kazi ya kupimia wateja bizari na viungo vya chakula dukani, na sikuipata. Saa hiyo mtaa wetu waweza kuupita macho umefumba ukajua umefika kwa nani. Nyumba ya kwanza wanakaanga samaki, inayofuata tui linachemka, mbele yake kuna mtu kaunguza vitunguu na anateta na mwenzake juu ya hivyo vitunguu. Nikafika kwetu, nikasukuma mlango, hapakuwa na harufu yoyote. Nikaingia jikoni. Sufuria zimelazwa kifudifudi, meza imesuguliwa, kitambaa kimekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni. Jiko safi kabisa, linanuka sabuni ya kipande, na ubaridi. Nilisimama pale pale, kwa sababu jiko kama lile niliwahi kuliona mara moja tu, nikiwa darasa la nne, na halikuwa letu.

Wakati huo tulikaa kwa Bibi, mamake Mama, huko nyuma ya Kibokoni, ghorofa ya juu. Ng'ambo ya uchochoro, dirisha kwa dirisha, alikaa Bi Rukia na bintiye Nuru, aliyekuwa rika langu na darasa langu. Uchochoro wenyewe ulikuwa mwembamba, mtu akikohoa kule unampa pole huku. Bi Rukia alishona kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitobo vidogo ambazo wanaume huvaa Ijumaa, na mumewe alikuwa Omani kikazi. Sasa najua kwamba huyo mume alikuwa amenyamaza siku nyingi, hapigi simu wala haleti kitu, na kwamba kofia za mashine zilikuwa zimejaa madukani hata hakuna aliyetaka kungojea ya mkono. Wakati ule nilijua tu kwamba Bi Rukia ni mrefu, anacheka kwa sauti, na akishona hukisogeza kitambaa karibu na uso mpaka unadhani anakinusa. Mimi na Nuru tulikuwa tukimwigiza. Na hilo tulilipa jina, tuliliita kushona kwa pua.

Nyumbani kwa Bibi sikuwahi kusikia lazima. Hakuniambia hata siku moja osha vyombo. Alikuwa akisema, "Naona vile vikombe vinangoja mtu." Hakuniambia nenda kamwamkie Bi fulani. Alisema, "Bi fulani amerudi safari, sijui kama kuna aliyekwenda kumwona," kisha akaendelea kuchambua mchele wake. Ukijifanya hukusikia, haongezi neno. Anakuangalia mara moja, anainuka, anakwenda kuviosha mwenyewe, na kile kishindo cha vikombe kikawa kizito kuliko kofi. Shuleni walimu walituamuru mchana kutwa na hatukuwaogopa hata nusu ya tulivyomwogopa Bibi akiosha vikombe.

Na sahani ni hivyo hivyo. Jirani akikuletea kitu, sahani yake huioshi ukairudisha tupu. Unatia chako, leo au kesho, hata kama ni ndimu mbili. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno, nililijua kama nilivyojua kuvua viatu mlangoni. Mwezi wa Ramadhani kazi ya kuvuka uchochoro ilikuwa yangu. Jua likianza kushuka, Bibi alijaza sahani mbaazi za nazi na mahamri juu yake, akafunika kwa sahani nyingine, nami nikashuka ngazi zetu na kupanda za Bi Rukia mikono ikiungua. Nikirudi, nyuma yangu ama kesho yake alikuja Nuru na sahani yetu. Mwanzo wa mwezi ilirudi na katlesi. Baadaye ikawa vitumbua. Baadaye kaimati, chache, zimepangwa duara ili uchache wake usionekane. Karibu na Idi ilirudi na ndizi moja ya kuchemsha, imekatwa vipande vyembamba na kunyunyiziwa iliki.

Baada ya Idi sahani hazikwisha, zilipungua tu. Bibi alikuwa akipeleka akipika kitu kizuri. Siku moja Nuru akaileta sahani yetu ikiwa na asumini, zimetungwa kwa uzi, na jani la mrehani. Nilifurahi sana. Niliona hii ndiyo tabia ya watu wa kistaarabu, unamletea mtu samaki wa kupaka, yeye anakurudishia maua. Nikamkimbilia Bibi na zile asumini. Bibi akazishika, akazinusa, akakaa juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi kama mtu aliyechoka ghafla. Mti wa asumini ulikuwa kwenye kopo dirishani kwa Bi Rukia, tuliuona kila siku. Ulikuwa umechumwa wote.

"Kesho tutapika kidogo," Bibi akasema.

Na kweli, kuanzia hapo alipeleka kidogo. Sahani ile ile, lakini wali umetandazwa. Nilimwona ametia upawa wa mchuzi kisha akarudisha nusu sufuriani, na sikumwelewa, maana Bibi hakuwa mchoyo.

"Bibi, mbona umepunguza?"

"Ili mwenzako asitaabike kurudisha."

"Mwenzangu nani?"

"Beba, kabla hakijapoa."

Siku zile zile nilimsikia Mama na Bibi jikoni wakisemezana chini kwa chini. Mimi nilikuwa sebuleni najifanya nasoma.

"Mama, tumpelekee mchele tu," Mama alisema. "Nusu gunia, yaishe."

"Kwa jina gani?"

"Kwa jina la mchele."

"Usinichezee. Rukia hajasema kitu. Ukimpelekea mchele umemwambia umeona."

"Na si tumeona?"

"Kuona tumeona. Kumwambia tumeona ni jambo jingine."

Mama akarudi kwenye sufuria. Nami nikajua wamemwona Bi Rukia akifanya kitu kibaya, na kwa sababu wakubwa wamelificha, basi lazima ni kibaya sana. Nikawa namchunguza kila nikivuka. Sikuona kitu. Nilichokiona ni kwamba Bi Rukia alikuwa amekuwa mtu wa ibada.

Alianza na zile saumu sita za baada ya Idi, ambazo wanawake wengi mtaani walizifunga. Wenzake walipomaliza, yeye akaingia Jumatatu na Alhamisi. Kisha nikawa kila nikivuka na sahani, siku yoyote ile, ananijibu hivyo hivyo kwa upole, "Nimefunga, mwanangu. Weka hapo, Nuru atakula." Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu, macho makubwa, na mimi nilimwona amezidi kuwa mzuri. Chupa ya maji ilikuwa kando yake usiku na mchana baada ya kufuturu, Nuru aliniambia, anakunywa kama mtu aliyetoka jangwani. Tulilieleza hilo wenyewe, watoto, kwamba mtu akifunga sana lazima awe na kiu.

Na kulikuwa na harufu yake. Akiniinamia kupokea sahani, pumzi yake ilikuwa tamu, kama ndizi zilizoiva zikapita. Chuoni, madrasa tuliyosomea Kurani, maalim alikuwa ametufundisha kwamba harufu ya kinywa cha mfungaji ni nzuri mbele ya Mungu kuliko miski. Nikajua ndiyo hii. Sikuwahi kunusa miski lakini nilijua ndiyo hii. Nilimwambia Nuru, "Mamako ananukia pepo," naye akaniambia, "Najua," na tukawaringia watoto wengine wa chuo ambao mama zao walikuwa wanakula mchana na kunuka vitunguu.

Shuleni mwaka ule tulikuwa na mwalimu mpya wa Kiingereza, msichana kutoka bara, mpole, tukimwita Madam. Siku hiyo alikuwa akitufundisha namna Waingereza wanavyosema jambo linalokulazimu na jambo linalotarajiwa kwako. Akaandika ubaoni must, have to, should, akataka kila mmoja asimame aseme kitu cha nyumbani kwao. Watoto wakasema lazima ninawe mikono, lazima nisali, lazima nimtii baba. Mimi nilitafuta lazima ya nyumbani kwetu sikuiona hata moja, ingawa kutwa nilikuwa mbioni nikiyatenda mambo ambayo hakuna aliyeniamuru. Nikasema lazima nimheshimu bibi yangu, nikaketi. Akasimama Nuru.

"My mother must fast every day," akasema, yaani mamangu hana budi kufunga kila siku.

Madam akamtazama. Akamuuliza, kwa Kiingereza na kisha kwa Kiswahili chake cha bara, "Nani anamlazimisha?"

"Hakuna, Madam."

"Ramadhani si iliisha?"

"Imekwisha, Madam."

Mimi nikainua mkono nikamweleza Madam kwamba kuna saumu za sunna na kwamba Bi Rukia ni mcha Mungu, mtaa mzima unajua. Nilijivuna kumweleza mwalimu kitu asichokijua. Madam akafurahi. Akasema basi, kama hakuna anayemlazimisha, tutasema anapenda. Akalifuta neno la Nuru hewani kwa mkono kama anafukuza nzi, akatusomesha jingine, na darasa zima tukaitikia kwa kuimba, tena na tena mpaka tulishike, Nuru's mother likes to fast, mamake Nuru anapenda kufunga. Nuru aliimba nasi. Alikuwa amesimama bado, maana Madam alikuwa amesahau kumwambia aketi.

Naandika haya kwa hasira, na sijui namkasirikia nani. Madam hakuwa na kosa. Alikuwa mgeni. Katika mji wote huu palikuwa na mtu mmoja aliyesema kitu kama kilivyo, mtoto wa darasa la nne, kwa lugha ya kuazima, na tulimsahihisha.

Haikupita muda. Siku moja tulipotoka shule, nilikuwa ndio kwanza navua sare, nikasikia Nuru anaita dirishani kwao, hata si kwa kupiga kelele, "Bibi. Bibi. Mama haamki."

Bibi alivuka bila buibui. Sikuwahi kumwona Bibi njiani bila buibui, na mpaka leo nikilifikiria tukio lile, kitu cha kwanza kinachonijia ni kichwa chake cheupe chini kwenye uchochoro. Mama nyuma yake, mimi nyuma ya Mama. Bi Rukia alikuwa amelala mkekani karibu na dirisha, kofia ambayo haijakwisha iko tumboni, anahema kwa nguvu, pumzi ndefu ndefu kama mtu anayekimbia. Na ule utamu ulikuwa umejaa chumba kizima.

"Ni sukari imemshuka," Mama akasema, kwa kuwa ndivyo alivyojua wakati ule. "Nenda jikoni, lete sukari, upesi."

Nikakimbia jikoni. Sufuria zilikuwa kifudifudi. Meza imesuguliwa. Nikafungua kopo la sukari, limeoshwa na kukaushwa. La mchele, vivyo hivyo. La unga, vivyo hivyo. Yamepangwa rafuni kwa ukubwa, yanameta, kama ya dukani. Hata moshi wa mafuta ukutani ulikuwa umepanguswa. Nilisimama nikiyafungua na kuyafunga. Nuru alikuwa amekuja nyuma yangu.

"Sukari iko wapi?" nikamuuliza.

"Tuliwaletea nyinyi," akasema.

Na ni kweli. Sahani ya mwisho ilikuwa imerudi na sukari, kidogo, imewekwa katikati na kusawazishwa kwa kijiko. Bibi alikuwa ameimimina ndani ya kopo letu, ikapotelea humo.

Walimteremsha ngazini wakamweka ndani ya tuktuk, Mama amempakata kichwa. Hakurudi. Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa biolojia alikuwa anaeleza jinsi mwili wa mwenye sukari asiye na dawa unavyoanza kujila wenyewe, na akasema, kama jambo dogo tu la kukumbuka kwenye mtihani, kwamba pumzi ya mgonjwa huwa tamu kama matunda. Niliiweka kalamu chini. Msichana aliyekaa nami akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana. Nilikuwa nanusa miski.

Dawa alikuwa ameziacha kwa kuwa zilitaka aende akanunue. Hilo nalo halikusemwa mpaka baadaye, na waliosema ni waliokuja matangani.

Mama anasema kama ningekuwa na haki, ningesema pia jinsi watu walivyojitokeza. Basi naandika. Walijitokeza wote. Hakuna aliyeambiwa lete, na kila mtu alileta. Sufuria za wali zilipangwa kutoka mlangoni kwa Bi Rukia mpaka pembe ya uchochoro, na mtu akipita lazima ajibane ukutani. Magunia ya mchele yalipanda zile ngazi mgongoni kwa wanaume wakihema. Sukari, mafuta, majani ya chai, maziwa ya kopo. Wanawake waliojua kupika kwa watu wengi waliingia katika lile jiko safi wakalichafua kwa siku moja, ukuta ukarudi kuwa mweusi, harufu ya bizari ikashika mapazia. Bibi alileta sufuria yake kubwa, ile ya harusi, imejaa mpaka mfuniko hauketi. Nilimwona anaiteua nyama nzuri nzuri na kuiweka juu.

Mimi na Nuru tuliketishwa chumbani na sinia letu peke yetu. Alikula. Sijawahi kuona mtoto akila vile, kichwa chini, hasemi, mkono unakwenda na kurudi, hata nami nikaacha kula nikawa namtazama. Akafika mahali akasimama, akaangalia nje ya mlango, akaona yale magunia yamepandana mpaka kwenye swichi ya taa.

"Kumbe vilikuwapo," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekuwa anatafuta kiatu akakiona chini ya kitanda. Kisha akaendelea kula, na baadaye akatapika, na wale wanawake wakasema ni huzuni. Matanga yalipoanuliwa, khaleti yake wa Malindi, dada wa mamake, akaja kumchukua. Sikumwona tena. Sahani yao moja ilibaki kwetu, na Bibi hakumruhusu mtu kulia chakula ndani yake mpaka yeye mwenyewe alipokufa.

Sasa ngojeni niseme ya leo, maana Mama anadhani sijui. Ofisi aliyokuwa akifanya kazi Baba, ya kutoa mizigo ya watu bandarini, ilifungwa. Bado anatoka kila asubuhi kwenda Kilindini, shati limepigwa pasi, anakwenda kusimama na wenzake getini wakingoja mtu mwenye mzigo mmoja awape nusu siku. Jioni hupitia sokoni wachuuzi wakifunga, akaja na nyanya zilizobonyea na anazisifu. Ukiacha chapati ya asubuhi ya mdogo wangu, chakula kinapikwa mara moja, magharibi. Mama anampakulia Baba, ananipakulia mimi, anampakulia mdogo wangu, kisha anakumbuka kitu cha kufanya jikoni. Baba anakula akijua mkewe amefuturu. Mkewe anafuturu kwa tende na maji na anatuambia tumbo la mfungaji halitaki vitu vingi.

Na Ijumaa iliyopita Bi Salma wa nyumba ya pili, mumewe ana duka la vitambaa, alituletea pilau. Sahani yake iko mezani hadi sasa. Mama anaizunguka. Jana nilimkuta amechukua unga uliobaki, ule wa chapati za asubuhi za mdogo wangu, anaupima kwa macho kama watosha kaimati.

Hayo ndiyo niliyomwambia leo alasiri, baada ya yale ya Bi Rukia. Nilimwambia asifunge kesho. Nikamwambia unga ule si wa Bi Salma.

"Wewe umesomeshwa Kiingereza, sasa wataka kunitungia sheria nyumbani kwangu," akasema. "Fanya hivi, usifanye hivi."

"Afadhali niseme."

"Nani amekwambia watu hawajui? Salma ana macho."

"Kama ana macho mbona anakuletea sahani?"

"Kwa sababu ana adabu."

"Na wewe utamrudishia unga wa mtoto."

"Mimi nitamrudishia sahani yake kama mamangu alivyorudisha za watu. Wataka nini, nikasimame barazani nitangaze? Wataka kunivua nguo mtaani?"

Hapo nikamwambia nililolikalia miaka yote. "Wewe ulitaka kumpelekea Bi Rukia mchele. Nilikusikia. Ulimwambia Bibi nusu gunia."

Aliacha kukunja. Sikutarajia angenijibu.

"Nilitaka," akasema.

"Mbona hukupeleka?"

"Nilimwonea haya." Akaliweka shati la Baba juu ya mengine, akalinyoosha kola kwa kidole. Mkono wake umekuwa mwembamba, pete inazunguka. "Sote tulimwonea haya. Alikufa hakuna aliyemwambia neno. Basi na mimi nionee haya, kama tulivyomwonea mwenzangu. Sikuombi jingine."

Nilimkaribia nikachukue zile nguo nimsaidie. Nilikuwa nampa mkono tu, sikuwa na nia ya kuchunguza. Akageuka kunipa rundo, pumzi yake ikanifikia.

Sitaandika ilivyonuka. Nimekaa hapa tangu saa hiyo. Nimesikia maji yakimiminwa jikoni, bilauri, na nyingine tena. Mdogo wangu ameuliza nini kinapikwa na Mama amemjibu kwa utani, "Utaona kwa macho yako," na amecheka. Anacheka vizuri, Mama. Najua kinachotarajiwa kwangu. Natarajiwa nitoke hapa niende nikaulize kama kuna vikombe vinavyongoja mtu, nisiseme kitu, na kesho niibebe ile sahani na kaimati zilizopangwa duara. Mtaa mzima utaniona binti mwenye adabu. Na siku ikifika wataleta magunia, sina shaka kabisa kwamba wataleta, hata hawatangoja kuambiwa.

Mama hatanisamehe upesi, na huenda asinisamehe. Nimelifikiria hilo vya kutosha. Kesho asubuhi, Baba akishatoka, nitaichukua sahani ya Bi Salma ikiwa tupu nivuke nayo. Ataniuliza kwanza, kama wanavyouliza wote, Mama hajambo. Sitasema hajambo. Nitamwambia Mama hafungi, Mama hana chakula, ana sukari na amekuwa mgonjwa, aje na mumewe na gari tumpeleke hospitali, na nitasimama pale pale mlangoni mpaka avae buibui lake.